Sanduku la Spana la Marehemu



Wiki mbili safu hii haikutoka, na baadhi yenu mliniuliza nimepatwa na nini. Nilikuwa Kiptere, senta iliyo katika njia itokayo Kapsoit kuteremkia Sondu, kaunti ya Kericho. Huko ndiko kaka yangu, mzaliwa wa Majengo, alikokwenda kutafuta riziki kwa ufundi wa malori na matrekta ya chai. Huko alioa, na huko amezikwa. Usiku mmoja wifi yangu alinipigia simu. Alikuwa amejiwa na mtu atakaye kununua sanduku zima la spana la marehemu kwa shilingi 4,000 taslimu, naye angerudi Jumamosi.

"Wifi, nimpe?" aliniuliza. "Ni vyuma tu, na vingine vina kutu."

Nilimwomba asimpe. Asubuhi yake nilipanda treni hadi Nairobi, kisha basi hadi Kericho, na Ijumaa alasiri nilifika Kiptere na mvua, kama ilivyo ada ya nchi ile.

Sanduku tulilifungua barazani juu ya gunia. Alikuwapo mwana wa marehemu, kijana wa miaka 19 aliyemaliza chuo cha ufundi mwaka huu, na mzee mmoja fundi wa Kapsoit aliyefanya kazi na kaka yangu. Mzee alitoa kipande kimoja kimoja, akakifuta kwa kitambaa, akasoma maandishi yaliyogongwa juu yake. Gedore, ya Remscheid, Ujerumani. Stahlwille, nayo ya Ujerumani. Bisibisi na koleo za KTC, za Kyoto, Japani. Na Bahco ya Uswidi, ile spana yenye taya la kufunguka na kufungika, iliyobuniwa na Johan Petter Johansson mwaka 1892. (Mafundi wetu wameipa spana ya namna hiyo jina ambalo sitaliandika katika karatasi isomwayo na mabinti zetu. Wanaume watalijua.)

"Huyu mnunuzi si mjinga," mzee alisema. "Ameona seti mbili."

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Marehemu alikuwa na spana za milimita na spana za inchi, kila aina peke yake. Toyota na pikipiki za bodaboda hufunguliwa kwa milimita: 8, 10, 12, 14, 17. Lakini trekta kongwe kama Massey Ferguson 35 lina nati za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiivalisha spana ya 13 itaingia, na utadhani imekaa. Ukiikaza kwa nguvu itateleza, na pembe za nati zitakuwa duara kama tonge. Kijana akiharibu nati tatu namna hiyo, mwenye trekta hatamwita tena. Seti ya inchi iliyo kamili si rahisi kuipata madukani siku hizi, na ndiyo aliyoifuata yule mnunuzi.

Sikusema kwamba ametenda dhambi kwa kutaja bei ndogo. Mnunuzi hutaja bei aipendayo. Lakini alijua thamani, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mjane aliyetoka edani juzi, asiyejua. Mashekhe wana maneno yao juu ya kumghilibu mtu kwa bei kupita kiasi, hayo nawaachia. Mimi nasema tu kwamba sanduku la fundi lisiuzwe kabla halijafunguliwa mbele ya fundi mwingine asiyetaka kulinunua.

Najua wasomaji wengi hawauzi. Wao ni mama wanaotafuta kumnunulia mwana vyombo vya kuanzia kazi, na fedha ni chache. Siku ya tatu tulikwenda soko la Sondu, mzee, kijana na mimi, kutafuta spana zilizopungua. Niliyojifunza huko ni haya.

Msivutwe na zile sanduku za plastiki zenye vipande mia na zaidi vinavyometameta. Maneno "Chrome Vanadium" yaliyogongwa juu yake hayana mwenyewe. Kiwanda chochote huweza kuyagonga, hata juu ya chuma laini kama samli. Kijana wa bodaboda hahitaji vipande mia. Anahitaji spana sita au saba, bisibisi nne, koleo, nyundo na spana ya plagi, vyote vizuri. Tuliokota spana moja ya Ujerumani kwa shilingi 150 katika rundo la vyuma chakavu, chini ya bawaba na minyororo. Hiyo itamzika mwenyewe, kama wasemavyo mafundi.

Mzee alichagua hivi. Alichukua mfukoni bolti mpya za kupimia, akaitia kila spana: ikichezacheza, taya limepanuka, akairudisha. Spana ya duara aliielekeza juani akatazama pembe zake za ndani. Koleo aliifumba akaiinua kwenye mwanga. Nuru ikipenya sana kati ya meno, au kiungo kikiyumba ubavuni, aliiacha. Alikuwa na kipande cha tupa, akakwaruza mahali pasipoonekana: tupa ikiuma kwa urahisi, chuma ni laini; ikiteleza, ni kigumu. Uzito hakuujali kabisa. Mimi nilikuwa nikichagua nzito, akanicheka.

Kutu isiwatishe, dada zangu, na hapa jiko letu lina faida. Kutu ya juu juu hutoka kwa kuloweka chuma katika siki usiku mmoja, kisha kukisugua, kukiosha kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki ukome, kukikausha upesi na kukipaka mafuta ya mashine. Msifanye hivyo kwa spana iliyopakwa nikeli au kromu ambayo bado nzima. Hiyo ifutwe kwa mafuta tu. Kutu iliyokwisha kula mashimo haina dawa, na kromu inayobanduka hukata vidole kama wembe. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, kwa hiyo kila kipande kilale ndani ya kitambaa chenye mafuta.

Vitu viwili msivinunue vikuukuu: jeki, na ile spana ipimayo nguvu ya kukaza. Jeki iliyochoka huangusha gari juu ya mtu. Hiyo ya kupimia, ikizeeka pasipo kusahihishwa, husema uongo.

Na ulizeni ilikotoka. Spana iliyochongwa jina la kiwanda au herufi za mtu, ikiuzwa na kijana asiyetaka kutazamwa usoni, iacheni hata kama ni ya bure. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humshika mpokeaji wa mali ya wizi, na adhabu yake yaweza kufika miaka 14. Na kabla ya sheria hiyo, kuna fundi mahali fulani aliyelala na njaa kwa kukosa spana yake.

Narudi barazani. Wifi alitaka kumpa mwanawe sanduku lote siku ile ile, kwa moyo mwema. Imamu kutoka mjini Kericho alituzuia kwa upole: ni mali ya warithi wote. Madeni ya marehemu yalikuwa yamekwisha kulipwa, wala hakuacha wasia. Mzee alikadiria vyombo kwa shilingi 24,000, baada ya kuuliza bei katika maduka mawili. Mjane ana thumni, 3,000. Mama yetu, aliye hai Majengo, ana sudusi, 4,000. Zilizobaki 17,000 ni za mwana mmoja na mabinti wawili: yeye 8,500, wao 4,250 kila mmoja. Mimi dada sina fungu, kwa kuwa marehemu ameacha mwana wa kiume, na labda ndiyo sababu walinisikiliza.

Kijana akalichukua sanduku kwa deni la 15,500, atalipa kidogo kidogo kutokana na kazi yake. Iliandikwa, na mashahidi wakatia saini. Binti mdogo, wa darasa la saba, alisoma karatasi mara mbili kabla ya kuridhika.

Jumamosi mnunuzi alikuja. Wifi alimkaribisha chai, akamwambia bei ya sanduku ni 24,000. Alikunywa chai yake polepole, akapandisha hadi 9,000, kisha 12,000, akaaga.

Mama yetu, nilipomweleza fungu lake, alisema fedha zisubiri hata mjukuu apate wateja. Akaomba atolewe nyundo ndogo yenye mpini wa mti, ihesabiwe katika haki yake. Mzee aliikadiria shilingi 300. Nilikuja nayo ndani ya mkoba, nimeikunja kwa leso, na sasa iko chini ya mto wake.