Boksi la televisheni liseme ukweli

Kila televisheni, simu na kishikwambi kinachouzwa Tanzania kiandikwe juu ya boksi lake, kwa Kiswahili, kama kinaweza kurusha picha kwenye kifaa kingine au kuipokea kutoka huko, na kwa njia ipi. Hilo ndilo ombi langu kwa Shirika la Viwango, TBS, na kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Nafundisha Biolojia katika shule ya kata mkoani Morogoro, na naliomba kwa sababu nimeona televisheni moja inavyoweza kuokoa somo, na nimeona pia fedha za watu wenye kipato kidogo zikiishia kwenye vifaa visivyosikilizana.

Nianze na somo lenyewe. Kidato cha tatu tunafundisha uzazi wa mimea. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 70, na hadubini zilizopo hazitoshi hata robo yao. Zamani nilikuwa nachora ua ubaoni kwa chaki, kisha nazungusha ua halisi dawati kwa dawati. Likifika safu ya tatu limeshasinyaa, limechunwa petali, na wa nyuma wanapokea kikonyo.

Siku hizi nalifanya hivi. Asubuhi nachuma ua la bamia, maana bamia haikosi mtaani kwetu, na sehemu zake ni kubwa. Napanga mirundo miwili ya vitabu mezani, nalaza simu juu yake kama daraja, kamera ikichungulia chini katikati. Narusha kioo cha simu kwenye televisheni ya inchi 43 iliyofungwa ukutani, nawasha kamera, basi. Kila ninachokigusa kwa kibanio kinaonekana ukutani kikubwa kama sinia. Natoa petali za njano moja moja hadi unabaki mrija uliosimama katikati, umejaa chavua pande zote, na juu yake stigma zenye rangi ya damu ya mzee. Halafu nachukua wembe, nakata ovari kwa upana, polepole, nasogeza kipande chini ya kamera. Vyumba vinajipanga kwa duara, na ndani ya kila chumba ovuli nyeupe zimeshikilia katikati. "Madamu, kumbe kila mbegu ina nyumba yake!" alisema binti mmoja wa dawati la mwisho, na alikuwa amekula bamia maisha yake yote.

Nilipowauliza wataje sehemu za ua kwenye zoezi la wiki iliyofuata, hawakuwa wanakumbuka mchoro wa kitabu. Walikuwa wanakumbuka kitu walichokiona. Mwalimu yeyote anajua tofauti hiyo ina maana gani kwenye chumba cha mtihani.

Na somo lote hilo halikutumia hata kipande kidogo cha bando. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu nimekutana na walimu, hata wakuu wa shule, wanaokataa kabisa wakidhani kurusha picha ni kuchoma fedha za intaneti. Kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kurusha kioo chote kilivyo, unachokiona kwenye simu ndicho kinachotokea kwenye televisheni. Kwa simu nyingi za Android njia hiyo inaitwa Miracast. Simu na televisheni zinaunganishwa moja kwa moja kwa waifai zao zenyewe, hizo mbili tu, bila mnara wa mtandao kuhusika. Unaweza kuifanya porini kama una umeme. Ya pili ni pale unapobofya alama ya kurusha ndani ya YouTube. Hapo simu haitumi picha. Inaiambia televisheni video iko wapi, na televisheni inakwenda kuivuta yenyewe kutoka intaneti. Kama televisheni imeunganishwa na hotspoti ya simu yako, bando lako ndilo linaloliwa, na linaliwa haraka. Kwa shule isiyo na intaneti, video ipakuliwe nyumbani, ihifadhiwe kwenye simu, irushwe darasani kwa njia ya kwanza. Gharama yake ni umeme.

Sasa nirudi kwenye boksi. Televisheni yetu ilinunuliwa kwa michango ya wahitimu wa shule. Boksi lilisema "smart", na muuzaji alisema inapokea simu yoyote. Ilipofungwa, ikapokea simu yangu ya kawaida ya Android bila shida. Ya mkuu wa shule, iPhone, haikuiona kabisa. Ya mwalimu wa Jiografia, aina ya Pixel aliyoletewa na mdogo wake kutoka nje, nayo haikuiona. Ya mwalimu wa Kemia haikuwa na kipengele cha kurusha popote kwenye mipangilio yake. Wazazi wa kamati wakashauri tununue waya. Tukauziwa adapta ya kuchomeka kwenye tundu la USB-C upande mmoja na waya wa HDMI upande wa pili. Tundu la simu ya mwalimu wa Kemia ni USB-C, adapta ni USB-C, iliingia ikakaa vizuri, na televisheni ikaendelea kuandika kwamba hakuna mawimbi. Tuliporudi dukani tulionyeshwa maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Adapta haikuwa mbovu. Simu nyingi za bei nafuu zina tundu la USB-C linalochaji na kuhamisha mafaili tu. Njia ya kutoa picha haikuwekwa kiwandani, ili kupunguza gharama. Kwa macho matundu yote ni sawasawa. Hakuna mzazi, wala fundi wa mtaani, anayeweza kujua kwa kulitazama. Anayejua ni aliyeitengeneza, na hakuandika.

Vurugu hii ina historia, na si ya bahati mbaya. Mwaka 2012 umoja wa kampuni za waifai duniani, Wi-Fi Alliance, ulianza kuthibitisha vifaa vya Miracast, ukitarajia kiwe kiwango cha wote. Windows 8.1 ya mwaka 2013 ilikuja nacho, na hadi leo kwenye kompyuta nyingi za Windows unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na K unapata orodha ya televisheni zilizo karibu. Lakini Apple ilikuwa tayari na njia yake, AirPlay, iliyopewa jina hilo mwaka 2010, na haikukubali Miracast. Google nayo iliingiza sokoni kidude chake, Chromecast, mwaka 2013, na mwaka 2015 Android 6 ikaja bila Miracast ndani yake. Watengenezaji wengine wa simu za Android waliirudisha wenyewe kwenye simu zao. Simu za Google yenyewe, Pixel, hazina. Ndiyo maana Pixel ya mwalimu mwenzangu, ghali kuliko yangu mara kadhaa, haikuweza kufanya kinachofanywa na yangu.

Wapo watakaosema nunueni kidude cha kampuni moja mmalize maneno. Mimi siafiki, na sababu yangu ni ya Machi 2025. Mwezi huo Chromecast za toleo la pili, zilizotoka mwaka 2015, ziligoma kwa wakati mmoja duniani kote. Hazikuharibika. Cheti cha kidijitali kilichowekwa ndani yake kuthibitisha kwamba ni kifaa halali kilikuwa kimefikisha mwisho wa muda wake, na watu wakakaa siku kadhaa wakisubiri Google itume marekebisho. Utengenezaji wa Chromecast wenyewe ulikuwa umeshatangazwa kufikia mwisho Agosti 2024. Shule ya kata hununua kifaa ikitarajia kikae miaka kumi. Haiwezi kutegemea kitu ambacho uhai wake uko mikononi mwa ofisi ya mbali.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo anunue nini, namwambia aanze na waya. Kompyuta mpakato yenye tundu la HDMI na waya wa mita kadhaa haijawahi kuniangusha darasani. Picha haichelewi, sauti haikatiki, na hakuna wa kukwambia kifaa hakijatambuliwa. Kurusha bila waya kuna ubora wake, kwa sababu mwalimu anaweza kutembea na simu, akasimama kwenye dawati la mwanafunzi na kuonyesha darasa zima daftari la aliyefanya vizuri. Ila kwanza azime taarifa za simu, aweke hali ya kutosumbuliwa. Ujumbe wa salio au wa mambo ya familia ukitokea, unatokea mbele ya watoto 70, na hilo si jambo dogo kwa heshima ya mwalimu.

Najua kuna wazazi watakaosoma haya wakasema shule zina upungufu wa madawati na vyoo, mwalimu huyu anazungumzia televisheni. Upungufu huo ni wa kweli na mimi naishi nao. Lakini fedha za vifaa zinatumika tayari. Mwishoni mwa mwaka 2022 Serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa walimu, vikiwemo vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo. Nililipokea jambo hilo kwa furaha. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandaoni yenye vitabu vya kiada ambavyo mwalimu anaweza kuvisoma bure. Kishikwambi kikiwa mkononi mwa mwalimu kinamsaidia yeye kuandaa somo. Kikirushwa kwenye televisheni, ukurasa ule ule unasomwa na darasa zima ambalo lingegombania nakala chache. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni kipengele kimoja tu ndani ya kifaa, ambacho kinapaswa kuulizwa siku ya kuandika zabuni, kabla ya siku ya kugawa.

Wala ombi langu si la ajabu. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa katika nchi zake vinatakiwa kuchajiwa kwa USB-C. Apple, iliyokuwa imepinga kwa miaka, ilibadilisha tundu la iPhone mwaka 2023. Mimi siombi hata hicho. Siombi Tanzania iwalazimishe watengenezaji wa dunia kukubaliana njia moja ya kurusha picha. Naomba waseme walichoweka ndani. TCRA inaidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni, na TBS inakagua ubora wa bidhaa zinazotoka nje. Ofisi zipo, fomu zipo, wakaguzi wapo. Kinachoongezeka ni mistari mitatu kwenye boksi: inapokea au inarusha Miracast, ndiyo au hapana; AirPlay, ndiyo au hapana; tundu la USB-C linatoa picha, ndiyo au hapana. Kwa watengenezaji ni wino tu, maana taarifa hizo wanazo.

Na duka likiuza kifaa ambacho hakifanyi kilichoandikwa, maandishi ya chini ya risiti yasiwe kinga. Mteja arudishiwe fedha zake. Tume ya Ushindani, FCC, ina jukumu la kumlinda mlaji, na hapa kuna walaji wengi wasio na sauti: kamati za wazazi, vikundi vya wahitimu, misikiti na makanisa yanayonunua televisheni kwa ajili ya madrasa na mafunzo. Watu hawa hununua mara moja, kwa michango ya shilingi elfu mbili mbili. Wakikosea hawanunui tena.

Mpaka mamlaka zitakapochukua hatua, wenzangu walimu na wajumbe wa kamati, fanyeni hivi. Nendeni dukani na simu ile ile au kompyuta ile ile itakayotumika darasani. Mwombeni muuzaji afungue boksi na kuwasha televisheni. Rusheni picha mbele yake, muiache ikae dakika kumi bila kukatika, mjaribu na sauti. Kama mnanunua adapta, ichomekeni pale pale kwenye simu yenu muone picha kwa macho yenu. Mwambieni aandike kwenye risiti kwamba kifaa kimejaribiwa na kinarusha, ndipo mtoe fedha. Akikataa kuwasha, nendeni duka la pili.