Gia za Mkono na Cheti cha Mkaguzi

Wako wanaodhani kwamba kubadili gari la gia za otomatiki liwe la gia za mkono ni shauri la fundi na mwenye gari peke yao. Nchini Australia mambo sivyo yalivyo. Huko upo mwongozo wa taifa, uitwao VSB 14, unaohusu mabadiliko ya magari mepesi. Giaboksi ambayo kiwanda chenyewe huiweka katika gari la aina hiyo hiyo kwa kawaida haileti taabu. Lakini ikitoka katika gari la aina nyingine, au sakafu ikikatwa ili ienee, hutakiwa cheti cha mkaguzi aliyeidhinishwa.

Je, huo ni urasimu mtupu? La hasha. Katika gari la otomatiki, gia ikitiwa kwenye herufi P, giaboksi hujifunga na gari haliserereki. Tena swichi maalumu huizuia injini isiwake wakati gia imeingia. Giaboksi hiyo ikiondolewa, kinga hizo mbili huondoka nayo. Aidha, kanyagio la klachi huhitaji mahali imara pa kushikizwa, na spidomita yaweza kudanganya.

Fundi stadi aweza kuyatimiza yote hayo. Hata hivyo, gari kutembea si ushahidi kwamba ni salama. Katika sayansi dai huaminiwa likiisha kupimwa na mwingine. Basi barabarani, ambako kosa la fundi huweza kulipwa na mpita njia, kipimo hicho ni haki kiwe cha lazima.