Shahada ya siasa: Deni linalipika, shamba lililouzwa halirudi

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kaya nyingi za wakulima na wafanyabiashara wadogo hukaa kikao. Kijana amefaulu masomo ya sanaa, na chuo kimempokea kusomea shahada ya sayansi ya siasa na utawala wa umma. Mama anapiga vigelegele. Baba ananyamaza, kichwani anahesabu ekari.

Wapo wanaodhani hiyo ni shahada ya kumpeleka mtu bungeni. Si hivyo. Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, mwanachama wa chama cha siasa, na anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Shahada haimo. Masomo haya humwandaa mtu zaidi kwa kazi za utawala: ofisi za halmashauri, utumishi, tarafa na kata, miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali, utafiti na uandishi wa habari.

Kwa hiyo swali la kikao lisiwe kama siasa ni somo zuri au baya. Liwe lile lile ambalo mkulima hujiuliza kabla ya kupanda zao jipya: linagharimu kiasi gani, linavunwa lini, mnunuzi ni nani, na likikosa soko kaya inabaki na nini?

Gharama ya zao

Wazee waliosoma chuo kikuu miaka ya 1970 waligharimiwa na Serikali, na kazi iliwasubiri. Siku hizi msomi anatafuta kazi mwenyewe na masomo yake ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005.

Chukulia kijana amepata mkopo kamili wa miaka mitatu. Ada ikiwa shilingi 1,300,000 kwa mwaka, hiyo ni 3,900,000. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu zilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Kwa siku 240 za masomo kila mwaka, inafika 7,200,000 kwa miaka mitatu. Ongeza 600,000 za vitabu na karatasi. Jumla ni shilingi 11,700,000.

Hapo ada siyo mzigo mkubwa. Mzigo ni chakula na malazi. Kijana anayelala kwa ndugu yake mjini na kula nyumbani kwake anaweza kuweka akiba ya bumu ikawa mtaji. Anayeitumia yote kwa simu na mavazi atailipa baadaye, shilingi kwa shilingi.

Mavuno yakipatikana

Tuseme kijana amepata ajira serikalini kwa mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Asilimia 5 inakwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 40,000. Kodi ya mshahara ni 68,000. Bima ya afya ya asilimia 3 ni 24,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 120,000, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 mwaka 2016. Anabaki na shilingi 548,000.

Kwa makato hayo, deni la 11,700,000 pamoja na asilimia 1 ya uendeshaji linamalizika kwa takriban miezi 99, yaani miaka minane na robo. Ni muda mrefu, lakini una mwisho.

Zamani haikuwa hivyo. Hadi mwaka 2021 deni lilikuwa linaongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Kwa deni la mfano huu, hiyo ni kama shilingi 58,500 kwa mwezi mwanzoni, karibu nusu ya makato yote. Wengi walilipa miaka mingi na deni likabaki pale pale. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa nayo ikaondolewa.

Mkopo usioongezeka kila mwaka ni mkopo wa bei nafuu kuliko wowote utakaopatikana benki, kwenye saccos au kwa mtu wa mtaani. Shilingi itakayorejeshwa miaka minane ijayo haitakuwa na nguvu ya shilingi ya leo. Mzazi anayelikimbia deni hili kwa kuona fedheha, kisha akakopa kwa riba ili alipe ada, anaruka majivu na kukanyaga moto.

Soko likikosekana

Hatari kubwa imejificha kwenye soko. Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji walizidi 100,000. Mwenye shahada ya siasa anasimama kwenye foleni hizo pamoja na wenye shahada za uchumi, sheria na uhasibu, na baadhi ya milango imefungwa kwake tangu mwanzo. Hawezi kusimama zahanati wala kusaini ramani ya jengo. Shahada yake ni pana, na upana huo una faida pale tu unapokutana na ujuzi mwingine.

Sasa chukulia mkulima wa kahawa wa Mbozi mwenye ekari tatu. Kijana wake amepata mkopo nusu, na mzee anataka kuuza ekari moja ili kuziba pengo. Kama ekari hiyo humwingizia shilingi 1,500,000 kwa msimu baada ya kutoa mbolea, dawa na vibarua, basi miaka mitatu ya chuo na minne ya kusubiri ajira itakuwa imeondoa shilingi 10,500,000. Hiyo inakaribia mkopo mzima. Tofauti ni kwamba makato ya mkopo yatakoma, lakini pengo la ekari litaendelea kila msimu, hata kwa wadogo zake ambao hawajafika sekondari.

Kila kaya iweke tarakimu zake, lakini kanuni haibadiliki. Kisichozalisha kinaweza kuuzwa ili kusomesha. Kinachozalisha kisiuzwe mpaka njia nyingine zote zimejaribiwa: mkopo wa Bodi na rufaa yake, mchango wa ukoo, mazao ya msimu, hata kuahirisha mwaka mmoja ili kijana afanye kazi. Kukodisha ekari kwa misimu miwili ni afadhali kuliko kuiuza, kwa sababu iliyokodishwa hurudi.

Aliyerudi shambani

Yupo pia kijana ambaye amesubiri ajira, amechoka, na amerudi kulima nyanya au kununua mahindi. Huyu ndiye anayesahaulika. Kwa utaratibu wa Bodi, aliyejiajiri anapaswa kulipa kila mwezi, na kiwango cha chini ni shilingi 100,000. Kwa mwenye mshahara, makato hufuata mshahara. Kwa mkulima, kipato huja mara moja au mbili kwa mwaka, na mwezi wa palizi huwa hana hata elfu kumi. Akishindwa kulipa Februari, si kwamba ni mkwepaji. Mahindi yake bado ni mabichi.

Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna anayepaswa kutetea wanaojificha. Lakini ratiba ya kulipa ifuate ratiba ya kipato. Bodi ya Mikopo ingeweza kukubaliana na vyama vya msingi vya ushirika ili mkulima msomi alipe wakati wa malipo ya mazao, kwa fungu moja au mawili kwa mwaka. Serikali ingekusanya zaidi, na kijana asingeogopa kurasimisha biashara yake kwa kuhofia kudaiwa.

Kwa mzazi aliye kwenye kikao, jibu si kumzuia mtoto kusoma siasa. Halmashauri, vyama vya ushirika na vijiji vinahitaji watu wanaoelewa sheria, bajeti na namna ya kuendesha mkutano. Amwambie achukue mkopo, ausome mkataba kabla ya kusaini, na ajifunze ujuzi wa pili akiwa bado chuoni: hesabu za biashara, kompyuta au udereva. Na ekari ya kahawa ibaki mahali pake, ili atakaporudi, awe na kazi au hana, akute pa kuanzia.