Anzia Kitovuni

Mpwa wangu wa kidato cha pili alinijia juzi amenuna. Nukta (3, 2) ilikuzwa ikawa (7, 4), na kitovu cha ukuzaji ni (1, 1). Imekuzwa mara ngapi? Akagawa 7 kwa 3, kisha 4 kwa 2. Majibu mawili tofauti! Alama zikaenda na maji.

Mwanafunzi mpendwa, kugawa hivyo hufaa tu kitovu kikiwa (0, 0). Hapa, hesabu hatua kutoka kitovuni. Nukta ya kwanza iko hatua 2 kulia na 1 juu. Ya pili, 6 kulia na 3 juu. Gawa 6 kwa 2, kisha 3 kwa 1. Yote ni 3! Majibu yakipingana, rudi kitovuni.

Nawe mzazi, usimgombeze. Keti naye mchore.