MAARIFA NYUMBANI: Mwanga Usukumao Mawingu



Juma lililopita mtoto mmoja wa kambini aliniuliza: "Mwalimu, kule kwenye nyota hakuna upepo. Je, mwanga waweza kusukuma wingu?" Swali hilo si la kupuuzwa, kwani jibu lake lahusu jinsi nyota na sayari zinavyozaliwa, au zinavyonyimwa kuzaliwa.

Askari wa zamu ya usiku azijua nyota tatu zilizojipanga mstari, ambazo mwezi wa Januari hupita karibu na utosi kwetu. Kusini yake pana doa lenye ukungu. Hilo ni wingu la gesi la Orion, lililo umbali wa miaka ya mwanga ipatayo 1,300. Ndani yake imo nyota changa ambayo uso wake una joto la nyuzi 39,000 hivi. Uso wa Jua letu una 5,500 tu.

Miali ya nyota hiyo isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, hung'oa elektroni katika atomu za haidrojeni. Gesi hiyo hugeuka ayoni na kupata joto la nyuzi 10,000 hivi, ilhali wingu linaloizunguka ni baridi kuliko barafu. Mpaka baina yake ndio mstari wa mbele wa ayoni. Mwaka 1939 Bengt Strömgren, mtaalamu wa Denmark, alipiga hesabu ya mahali miali hiyo inapoishiwa nguvu.

Gesi ya moto hutanuka, ikaisukuma ile ya baridi upesi kuliko mwendo wa sauti ndani yake. Hapo huzuka wimbi la mshtuko, mfano wa lile la risasi iipitayo sauti: gesi iliyo mbele haipati onyo. Ikigongwa hupata joto, kisha hulitoa kwa njia ya mwanga. Ikipoa hubanwa, ikawa ganda jembamba, zito. Humo nyota mpya zaweza kuzaliwa.

Lakini mwanga huohuo hubomoa. Katika miaka ya 1990 darubini ya Hubble ilionyesha visahani vya gesi na vumbi, vizungukavyo nyota changa za Orion, vikimomonyolewa. Mwaka 2024 wataalamu waliotumia darubini ya James Webb walieleza kisahani kimoja kinachopoteza gesi kwa kasi, hata sayari kubwa mfano wa Mshtarii isiweze kuumbika humo.

Basi mwanangu, jibu ni ndiyo: mwanga husukuma kwa kuipasha gesi moto. Nanyi wazazi, usiku wa Januari usio na mawingu, watoeni watoto nje mkawaonyeshe doa hilo.