Koala hamalizwi na moto peke yake

Wasikilizaji wetu, ule mkaratusi tunaoupanda Kivu kwa ajili ya mbao na makala asili yake ni Australia. Huko ndiko anakoishi koala, mnyama wa juu ya miti anayekula majani ya mkaratusi, na karibu hakuna kingine anachokula.

Kila anayemlilia koala anataja moto wa 2019 na 2020. Kweli, ulikuwa mkali: shirika la WWF lilikadiria wanyama karibu bilioni 3 walikufa au walipoteza makao yao. Lakini kulaumu moto tu ni kumficha mwenye kosa.

Katika jimbo la Queensland misitu inaangushwa ili ng'ombe wapate malisho. Mashine mbili kubwa zinakokota mnyororo mzito katikati yao, na kila mti ulioko njiani unalala. Hiyo si radi. Ni kazi ya mtu aliyelipwa, mchana kweupe.

Mwezi wa Februari 2022 serikali ilitangaza kwamba koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu Canberra wako hatarini kutoweka. Kutangaza ni rahisi. Sheria ya mazingira ya 1999 si ilikuwepo miaka yote hiyo?

Mama aliyekimbia vita akikata kuni karibu na kambi ili watoto wale, anaitwa adui wa msitu. Sawa, msitu unaumia. Basi tajiri anayefyeka kwa mnyororo ili auze nyama, aitwe nani? Wakubwa wa Canberra watujibu hilo kwanza, kabla ya kumbeba koala tena mbele ya kamera.