Gemu Ikilalamika, Usiizibe Mdomo

Kila muhula kuna mwenzetu wa mwaka wa kwanza anayeandika gemu yake ya kwanza kwa Python. Inakwenda vizuri dakika mbili, halafu inazima ghafla na kuacha ujumbe: IndexError: list index out of range. Anapiga picha, anaitupa kwenye grupu la darasa, na jibu halichelewi: "Weka try na except, itatulia." Kweli inatulia. Lakini jamani, huo ni ushauri mbaya kuliko wote tunaopeana hapa chuoni.

Tuanze na kilichotokea. Maadui watano wamo kwenye orodha. Python inahesabu nafasi kuanzia 0, kwa hiyo wa kwanza yuko 0 na wa mwisho yuko 4. Ukiomba nafasi ya 5, hakuna mtu. Sisi tunaosema saa moja wakati saa ya ukutani inaonyesha 7 hatuna sababu ya kuogopa hesabu ya namna hii.

Kosa linalowasumbua wengi ni hili: kitanzi kinapita kwa range(len(maadui)), na ndani yake adui aliyepigwa risasi anafutwa. Urefu ulipimwa mwanzoni, walipokuwa watano. Mmoja akifa wanabaki wanne, lakini kitanzi bado kinaifuata nafasi ya 4, ambayo haipo tena. Isitoshe, aliyekuwa nyuma ya marehemu anasogea kwenye nafasi yake na kurukwa bila kukaguliwa. Ukiweka try na except gemu haitazima, ila kuna risasi zitakazompita adui kama hewa. Umefukuza moshi, moto umeuacha. Dawa yenyewe ni nyepesi: tengeneza orodha mpya ya walio hai, au ipitie orodha kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Kuna watakaosema kazi inakusanywa kesho asubuhi, nani ana muda? Nawaelewa, sapu haina huruma. Lakini ujumbe ule unakutajia mpaka namba ya mstari. Chapisha urefu wa orodha na nafasi unayoiomba kabla ya mstari huo, na mara nyingi jibu utaliona mwenyewe.

Tena, kosa linalopiga kelele ni rafiki. Omba nafasi ya -1 na Python itakupa kitu cha mwisho bila kulalamika. Lugha ya C yenyewe haikagui mipaka kabisa. Mwaka 2014 dunia ilihangaika na Heartbleed, kasoro ya OpenSSL iliyoruhusu seva kusoma kumbukumbu kupita mpaka na kumwaga siri kwa yeyote aliyeuliza. Wanaozoea kuziba mdomo wa gemu leo ndio watakaoandika mifumo ya benki na hospitali kesho.

Kwa hiyo, wadau wa magrupu, kabla ya kumrushia mtu jibu la kudesa, muulize matatu: ni mstari gani, orodha ina urefu gani, na umeomba nafasi ya ngapi? Na walimu wetu watoe alama kwa anayeeleza kwa nini gemu yake ilizima, siyo kwa inayowaka tu. Gemu isiyozima na isiyoeleweka bado ni mbovu.